Mwanafunzi wa Nusu Ada

Naomba ieleweke mapema: mimi sina mpango wa kwenda Ujerumani. Sina paspoti, sipendi baridi, na kuku wangu hawatulii wakilishwa na mgeni. Lakini kila Jumanne na Alhamisi, nikitoka kazini, napanda matatu kutoka Ruiru hadi Thika, nakwea ngazi hadi ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu, na kuketi katikati ya wasichana wa rika la binti yangu ili nifundishwe kusema jina langu. Nina miaka hamsini na kitu. Jina langu nalijua.

Balaa ilianzia kwenye bei. Mke wangu anauza mitumba Makongeni, na mtu wa Makongeni hakubali bei ya kwanza hata mahali pasipouzwa kitu. Tulipompeleka binti yetu, kitinda mimba, kujiandikisha kozi ya Kijerumani ya B1, mwenye chuo akataja ada. Mama akacheka kile kicheko chake cha sokoni, akageuka, akatembea polepole hadi mlangoni. Akaitwa. Hapo ndipo yule bwana alipotamka maneno yaliyoniharibia jioni zangu: mtu wa pili kutoka nyumba moja hulipa nusu. Kwa mke wangu, kitu cha nusu bei hakiachwi dukani hata kama nyumbani hakuna wa kukivaa. Akatazama huku na huku, akaniona mimi.

Sijui kwenu, lakini kwetu huku, kuanzia Githurai hadi Thika, hakuna pa kujificha. Zamani nguzo za stima zilikuwa mali ya waganga wa mapenzi na namba za magari ya kunyonya maji taka. Sasa chini ya mganga kuna A1, A2, B1, B2, na chini yake namba ya simu. Ukienda kunyoa Kihunguro, kinyozi ana daftari la vitenzi kando ya mashine. Kwenye saluni, msichana anasuka huku anaimba ich bin, du bist, er ist, na mteja aliyeinamishwa kichwa anaitikia. Hata mama mboga wa njia yetu, ambaye kwa miaka mingi alinisalimu kwa kuniuliza nitalipa lini, sasa ananiuliza nimefika kiwango gani.

Moto huu uliwashwa Septemba 2024, Rais Ruto alipokuwa Berlin na serikali za Kenya na Ujerumani zikatia saini mkataba wa wafanyakazi wahamiaji. Zikavuma habari kwamba Wakenya wametengewa kazi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha haraka: mkataba hauna idadi yoyote. Ukanusho huo ulisikika Berlin, ukasikika Nairobi. Thika haukufika. Nafikiri ulikwama Githurai kwenye foleni.

Neno ambalo kila shosho wa Kimbo analijua ni Ausbildung: miaka mitatu ya kusomea kazi, tuseme ya kuuguza wagonjwa na wazee, huku unalipwa. Kwenye hospitali za umma, mwaka wa kwanza ni zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi. Mke wangu alipiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi la meza, akapata kitu kinachokaribia shilingi laki mbili, akanyamaza. Kumnyamazisha yule mama kwa kawaida huhitaji kanisa zima. Nikaona huo ndio wakati wa kumweleza kuhusu brutto na netto, kwamba kuna ushuru, bima ya afya, bima ya uzeeni na kodi ya chumba, na kinachobaki si kile kilichotajwa. Akaniambia huo ni uchambuzi wa nusu ada.

Sasa lugha yenyewe. Walituanzia kwa der, die, das, nami nitaanzia hapo hapo, kwa uchungu uleule. Kila nomino ni ya kiume, ya kike, au haimo upande wowote. Nani aliamua, haulizwi. Kwenye meza moja ya chakula, kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, na kisu, ambacho ndicho chenye makali, kimejitoa kwenye ugomvi. Jua ni mwanamke, mwezi ni mwanamume. Msichana, das Mädchen, si wa kike. Nilinyanyua mkono kuuliza. Mwalimu akasema ni kwa sababu ya kile kijisilabi cha udogo, -chen. Kikishajishikiza mwishoni, neno zima linakuwa das. Darasa limejaa wasichana. Waliandika hayo kwenye madaftari bila kinyongo, nami nikabaki naumia kwa niaba yao. Baadaye nilisoma kwamba mwandishi Mmarekani, Mark Twain, alilia na msichana huyohuyo mwaka 1880. Nimefarijika kwamba malalamiko yangu yana umri wa kuheshimika. Nimeudhika kwamba tangu wakati huo hawajarekebisha chochote.

Najua utakachosema: nyamaza, mzee, nasi tuna ngeli. Kweli tunazo, na ni nyingi kuliko zao. Lakini nomino ya Kiswahili ni mwanafunzi aliyevaa sare: ukikiona kiti na ki- yake kifuani, unajua anatoka shule gani na atasema nini akifungua kinywa. Nomino ya Kijerumani huja na nguo za nyumbani. Tisch, Wand, Fenster: hebu ziangalie, uniambie ipi ni ipi. Ukimwomba mwalimu kanuni, anakuambia ukariri. Kanuni chache zipo, si haba. Maneno ya -ung, kwa mfano, karibu yote ni ya kike: Wohnung, Prüfung, Rechnung. Nyumba, mtihani, bili. Nilimsomea mke wangu orodha hiyo, akasema hao watu si wajinga. Wamejua ni nani anayeshughulika navyo.

Vitu vya kwetu ndivyo vilivyoleta vita. Je, ni der Ugali au das Ugali? Matatu je? Mwalimu aliulizwa na msichana wa Ngoingwa, akasita, na kusita kwake kukafungua mlango. Dawati la mbele likasema ugali ni mwanamume, kwa sababu ni mgumu. La nyuma likasema anayeupika nani. Sufuria tukaafikiana iwe ya kike kwa ajili ya ile a ya mwishoni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeona sufuria ikijadiliwa kwa nusu saa bila mtu kuuliza ndani kuna nini. Matatu haijaamuliwa hadi leo.

Nyumbani, kitinda mimba amebandika karatasi kila mahali. Friji imeandikwa der Kühlschrank, dirisha das Fenster, ukuta die Wand, eti nisije nikausahau ukuta. Kiti changu kiliandikwa der Stuhl, kwa gundi isiyo imara. Asubuhi moja nikaketi, nikanywa chai, nikaondoka na karatasi yangu nyuma. Nilipita nayo stejini, nikaingia nayo benki, nikapiga foleni. Watu walikuwa na adabu ya ajabu siku hiyo, wakinipisha. Jioni binti alipoibandua alicheka mpaka akaketi chini. Kumbe wale wanaosomea uuguzi wanafundishwa kwamba hospitalini Stuhl si kiti tu. Ndilo neno ambalo daktari hulitumia akiulizia choo kikubwa. Nilitembea Ruiru nzima na tangazo hilo, tena mahali penyewe.

Kuhusu Akkusativ na Dativ, ambazo huchukua der wako uliyemkariri kwa jasho na kumgeuza den, kisha dem, sitasema kitu. Mke wangu amelipa nusu tu, nami nimeamua hizo zimo kwenye ile nusu nyingine.

Vitenzi lakini siwezi kuvinyamazia. Kuna vitenzi vyao vinavyokatwa vipande viwili, kipande kimoja kikaja mapema na kingine kikafungia sentensi kwa nyuma. Kufungua mlango ni aufmachen, kuufunga ni zumachen. Sawa. Lakini binti akiniamuru anasema: mach die Tür… na hapo mimi nimeshasimama, nimeshika komeo, nangoja. Ikija auf, nifungue. Ikija zu, nifunge. Mpaka silabi ya mwisho itue, mtu mzima mwenye nyumba yake amesimama mlangoni hajui kama anakaribisha wageni au anawafungia mbwa nje.

Ukiunganisha sentensi mbili, mambo yanazidi. Baada ya neno dass, yaani kwamba, kitenzi hufukuzwa hadi mwisho kabisa. Nyinyi mnaokopesha watu pesa, fikirini. Mtu anakuja na habari za mdeni wako: anasema kwamba yeye zile elfu tano zako, za Ijumaa ile, za pale Kamakis, mbele ya mashahidi, leo asubuhi, zote, taslimu… Moyo unadunda. Amelipa? Atalipa? Amekula? Mjerumani atamsikiliza kwa utulivu hadi nukta. Sisi wa Ruiru tungekuwa tumeshamkaba.

Hesabu nazo zimepinduliwa. Ishirini na moja kwao ni moja na ishirini. Mtu akikutajia namba ya simu mbilimbili, mkono huandika kabla sikio halijamaliza. Anasema siebenunddreißig, wewe umeshaweka saba mbele, na pesa zimemfikia mtu wa Nyeri usiyemjua, ambaye tangu siku hiyo hashiki simu. Saa ndiyo usiseme. Darasa letu huanza halb sieben: nusu, na saba. Mtu wa kwetu akisikia nusu na saba anajua ni baada ya chakula cha mchana. Kumbe ni nusu ya kuelekea saba, na saba yenyewe ni ya Kizungu, kwa hiyo ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Mpaka nimalize kugeuza, matatu imejaa.

Na heshima yao pia ina mitego. Mkubwa au mgeni huitwa Sie, rafiki na mtoto huitwa du. Kwa kuwa sote ni wanafunzi, kitabu kinataka tuitane du. Nami mtaani kwangu naitwa Mzee, na makanga wa Ruiru, ambao hawana sifa ya adabu, huniachia kiti cha mbele. Ghorofa ya tatu, msichana aliyezaliwa nikiwa na mvi ananielekezea kalamu: und du, wie heißt du? Mwalimu naye, nikikosea, huniita kwa jina la kwanza, jina ambalo hata mke wangu hulitoa tu wakati mambo yameharibika.

Matamshi tusilaumiane sana. Sisi wa kando ya mto Chania, r na l hatujawahi kuzitenganisha bila vita. Wajerumani humtakia msafiri Gute Reise, safari njema. Jirani yangu, ambaye mwanawe anaondoka mwakani, anafanya mazoezi ya kumuaga kwa sauti juu ya ua: Gute Leise! Leise ni kwa sauti ya chini. Anamtakia mtoto ukimya mwema, kwa kelele. Kuna pia ile ch ya kooni, ya Nacht na Bach. Mtu wa Lamu aliyezoea kh ya kheri na gh ya ghali angeitamka huku anakula halua. Sisi tuliokua tukisema heri na gali tunapaliwa. Ile ch nyingine, ya ich, kwetu inatoka ish. Mwalimu alikata tamaa, kisha akatuambia kwamba huko Köln nao husema hivyohivyo. Basi tuna lafudhi ya Köln, na hatujaomba viza.

Sehemu ya kusikiliza ndiyo inayonimaliza. Unachezewa matangazo ya stesheni: treni fulani imechelewa dakika tano, itaondokea reli namba saba badala ya tatu, swali, abiria aende wapi? Treni ya Ruiru ikija imekuja. Hatujawahi kuombwa radhi kwa dakika tano. Halafu dirisha la darasa linatazama steji, na tangazo la Kijerumani linapofika kwenye jibu lenyewe, kijana wa chini anapiga bati la matatu: Makongeni! Makongeni! Wengi wetu tumeandika Makongeni.

Sura nzima ya kitabu inahusu takataka. Karatasi pipa lake, plastiki pipa lake, mabaki ya chakula pipa lake, na yasiyo na kwao pipa lake. Kila pipa lina jina na jinsia. Nimekariri. Kisha nikashuka ngazi, nikafika Ruiru, nikapita lile rundo letu la kona, ambalo huchambuliwa na mbuzi, kunguru na mvua, kwa mpangilio huo.

Ninachotaka kujua ni haki iko wapi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa karibu na Tübingen, alitua Mombasa mwaka 1844. Akajifunza Kiswahili kwa wenyewe, akaandika sarufi yake, na kamusi aliyoiacha ikachapishwa London mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Mwaka 1849 alifika Ukambani, na kutoka Kitui akauona Mlima Kenya. Yalimpata mazito mengine, Mungu amrehemu, lakini katika safari zote hizo hakuna Mkamba aliyemwomba cheti cha B1 cha Kikamba. Hakuna mzee wa Rabai aliyemwambia, ndugu, kuandika umepita, ila kusikiliza umepata 57 na tunataka 60, ulipie tena.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, naye ameambukizwa. Anaendesha 237, Nairobi–Thika. Alisikia kwamba madereva watano wa Kenya walichukuliwa kwa majaribio kuendesha mabasi Flensburg, mji wa kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Denmark, na tangu hapo hatulali. Ameshajua neno Haltestelle, kituo cha basi. Nikamweleza kwamba kule dereva husimama kwenye kituo chenyewe, si mita mia mbele yake katikati ya barabara, na huondoka kwa saa iliyoandikwa hata kama basi ni tupu. Akanikodolea macho.

"Tupu, shemeji?"

"Tupu."

"Na wale vijana wa kuita abiria wanakula nini?"

Nilishindwa kumjibu, hata kwa Kiswahili. Alitafakari siku kadhaa, kisha akaanza A1. Yeye hakupewa nusu. Mwenye chuo alimwambia mke wangu kwamba shemeji ni nyumba nyingine. Bado wanabishana.

Tumefika sasa kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Mtihani wa B1 una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moja inataka alama 60 kwa 100, na ukianguka moja unairudia hiyo peke yake, kwa ada yake. Kitinda mimba alipita tatu. Ikabaki kuzungumza. Sehemu hiyo hufanywa na watu wawili. Mnapewa jambo mlipange pamoja, kumtembelea mgonjwa au kuandaa sherehe, mpendekezeane, mkubaliane, kwa adabu. Kwetu mipango hufanywa na mtu mmoja, naye yuko Makongeni. Lakini binti alihitaji wa kufanya naye mazoezi, na nyumba nzima ikageuka kunitazama, kwa kuwa ada yangu imeshalipwa.

Basi kila baada ya chakula cha jioni tunapanga. Tatizo ni kwamba yeye ni B1 na mimi ni A1 ya nusu. Kukataa kwa Kijerumani kunahitaji sababu, sababu inahitaji weil, na weil inapeleka kitenzi mwisho, kwa hiyo mimi hukubali. Nina sentensi moja ya kukubali, fupi, nzuri, isiyo na jinsia ya kunisumbua: Ja, gute Idee. Ndiyo, wazo zuri. Nimeshakubali kwenda Fourteen Falls kwa baiskeli. Nimekubali kumpelekea maua mwalimu mgonjwa ambaye hayupo.

Jumatano iliyopita binti alikunja nne, akaanza kwa sauti ya mtihani: Ich schlage vor, dass du am Sonntag in Kamakis für die ganze Familie das Fleisch… Nikasikia Jumapili, nikasikia Kamakis, nikasikia familia nzima, nikasikia nyama. Sikuona haja ya kungoja.

"Ja, gute Idee!" nikasema.

Ndipo kitenzi kikawasili. Bezahlst. Unalipa.

Shemeji, aliyekuwa kimya kwenye kona na daftari lake la A1, alisema hilo amelielewa vizuri kabisa, na akauliza kama ni mbuzi mzima au ni kilo.